Lantana: kichaka kinachofuata shamba lililoachwa. Somo kutoka Lunyo na mpaka wa Busia

Kama umewahi kuvuka mpaka wa Kenya na Uganda kwa Busia au Malaba, umepita kando ya mmea huu. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu kutoka Kakuma, Kiryandongo au Kyangwali mmeuona barabarani, nyuma ya nyumba na pembeni mwa mashamba. Ni kichaka chenye maua madogo yaliyokusanyika pamoja kama kishada: njano katikati, rangi ya chungwa, waridi au nyekundu pembeni. Kina shina lenye miba midogo na majani yanayokwaruza mkono. Ukiyafikicha, hutoa harufu kali.

Jina lake la kitabuni ni lantana. Waganda hukiita kayukiyuki, na Waluo hukiita nyabende-winy. Watoto wanakijua kwa vitunda vyake vyeusi. Wazee wa Busoga, Tororo na Busia wanakijua kwa sababu nyingine ambayo tutaifikia hapa chini, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika uchambuzi huu.

Lunyo ni kaunti ndogo katika wilaya ya Busia, Uganda, upande wa kusini unaoelekea Ziwa Victoria. Upande wa pili wa mto Sio ni kaunti ya Busia, Kenya. Watu wa pande hizi mbili ni Wasamia, wanazungumza lugha moja, na ndugu wanatembeleana kila wiki. Kaskazini ya hapo kuna msitu wa hifadhi wa West Bugwe, na mbele yake Tororo. Hakuna makazi ya wakimbizi Lunyo. Lakini yaliyotokea katika ukanda huu miaka arobaini na zaidi iliyopita yanamhusu kila mtu aliyepewa kipande cha ardhi chenye vichaka, na kila mtu aliyeacha shamba lake nyumbani bila mtu wa kulilima.

Mmea huu ulitoka wapi?

Asili ya lantana ni nchi za joto za Amerika ya Kati na Kusini pamoja na visiwa vya Karibi. Wadachi waliupeleka Ulaya katika karne ya 17 kwa sababu ya maua yake. Kutoka kwenye bustani za Ulaya ulisambazwa na watawala wa kikoloni hadi India, Australia na Afrika. Ulipandwa kama pambo na kama ua la kuzunguka boma. Haukuja kwa bahati mbaya. Watu waliubeba kwa mikono yao wakiamini wanaleta kitu kizuri.

Mwaka 2000 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ulitoa orodha ya viumbe 100 vamizi vilivyo vibaya zaidi duniani. Lantana imo katika orodha hiyo, pamoja na gugumaji ambalo wavuvi wa Majanji na Sio Port wanalijua vizuri mno.

Kabla ya kuendelea, tuseme jambo moja kuhusu maneno. Wataalamu huuita mmea kama huu "mgeni" au "mvamizi". Wewe unayeishi ugenini huenda umewahi kuitwa hivyo na mtu asiyekutakia mema. Katika makala haya maneno hayo yanahusu mimea tu, na kwa maana maalumu: mmea uliotolewa na watu mahali pake pa asili, ukaacha nyuma wadudu na magonjwa yaliyokuwa yakiuzuia, kisha ukaenea hadi kuwanyima wengine nafasi. Mihogo, mahindi na viazi vitamu navyo vilitoka Amerika, na hakuna anayeviita vamizi. Mmea hupimwa kwa kile unachokifanya katika ardhi, na wala si kwa mahali ulikotoka.

Unaenea vipi?

Njia ya kwanza ni ndege. Kichaka kimoja kikubwa cha lantana kinaweza kuzaa hadi matunda 12,000 kwa mwaka. Yakiiva yanakuwa meusi na matamu, na ndege kama shorewanda na kuzumburu huyapenda. Ndege anakula hapa, anatua kwenye mti au nguzo ya ua mita mia kadhaa kutoka hapo, na mbegu inaanguka pamoja na kinyesi chake. Ndiyo maana utaona lantana changa zimejipanga chini ya miti na kando ya nyua, kana kwamba kuna mtu aliyezipanda. Mbuzi na kondoo pia hubeba mbegu.

Njia ya pili ni mwanga. Hili ni muhimu kulielewa. Lantana haipendi kivuli kizito. Msitu mzima wenye miti mirefu iliyofunga juu huizuia isiingie ndani. Lakini ukikata miti kwa ajili ya mkaa, ukifungua njia, au ukiacha shamba bila kulima, jua linafika chini na lantana inapata mlango. Inaanzia pembeni, kisha inaingia. Kwa hiyo unapoona msitu umejaa lantana, jua kwamba kuna kitu kilichotangulia: shoka, moto au shamba lililoachwa.

Jambo hili si la lantana peke yake. Katika msitu wa Mabira, kando ya barabara ya Jinja kwenda Kampala, mforsadi wa karatasi, mti ulioletwa kutoka Asia, uliingia katika sehemu ambazo watu walikuwa wamefyeka na kulima kabla ya kuondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mti ni tofauti, ila mlango ulioingilia ni uleule.

Njia ya tatu ni panga lenyewe. Ukiikata lantana juu ya ardhi na kwenda zako, inachipua tena kutoka kwenye kisiki, mara nyingi kwa matawi mengi kuliko mwanzo. Tawi linaloinama na kugusa udongo wenye unyevu huota mizizi. Na mbegu zilizokwisha kuanguka hubaki hai ardhini kwa miaka kadhaa zikisubiri.

Njia ya nne ni moto. Kichaka kikavu cha lantana huwaka vizuri, na moto wake ni mkali kuliko wa nyasi za kawaida. Unaua miche ya miti ya asili iliyokuwa ikijitahidi kukua, lakini shina la lantana lililo chini ya udongo linabaki hai. Mvua ikinyesha, anayeamka wa kwanza ni lantana.

Mimea ya asili inapoteza nini?

Fikiria mti wa mvule, ambao Busia na Busoga nzima inaujua kwa mbao zake. Popo hula matunda yake na kuangusha mbegu. Mbegu inaota, mche unatoka. Mche huo unahitaji mwanga na nafasi kwa miaka yake ya kwanza. Ikiwa juu yake kuna kichaka kilichosukana cha lantana, chenye urefu wa mtu au zaidi, mche unakufa gizani. Mvule mzee bado umesimama, na mpita njia anadhani kila kitu ni salama. Lakini chini yake hakuna mtoto wa kumrithi. Msitu wa namna hii unafanana na kijiji kilichobaki na wazee peke yao.

Hayo yanaipata pia musambya, ambao Waluo huuita siala na watu hujengea nyumba. Yanaupata mugavu, na mikuyu ya kando ya mito. Yanazipata nyasi ambazo ng'ombe hulisha na watu huezekea, na mimea midogo ya dawa ambayo akina mama wa Samia na Teso huichuma pembeni mwa msitu.

Tena lantana haitumii kivuli peke yake. Majani na mizizi yake hutoa kemikali ardhini ambazo huzuia au kuchelewesha mbegu za mimea mingine kuota. Kwa hiyo hata sehemu inayoonekana wazi chini ya kichaka mara nyingi ni tupu.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Ndege aliyekuwa akila matunda ya mkuyu na kupanda mikuyu mingine bila kujua, sasa anashiba matunda ya lantana yanayopatikana karibu mwaka mzima. Anaendelea na kazi ile ile ya kupanda, ila sasa anampandia mwingine.

Mifugo nayo inaumia. Majani ya lantana yana sumu inayoharibu ini la ng'ombe, kondoo na mbuzi. Mnyama aliyekula kwa wingi hukosa hamu ya kula, hufunga choo, macho na fizi huwa za manjano, na ngozi ya pua na masikio huungua anapokaa juani. Utamwona anakimbilia kivulini. Wanyama waliozaliwa katika eneo lenye lantana mara nyingi wanajua kuikwepa. Wanaokufa zaidi ni wale walioletwa kutoka mbali wakiwa na njaa, hasa wakati wa kiangazi ambapo hakuna jani lingine la kijani. Ikiwa wewe au kikundi chako mmepokea mbuzi kutoka wilaya nyingine kupitia mradi wa kujikimu, sentensi hiyo inawahusu ninyi.

Kilichotokea Busoga, Tororo na Busia

Sasa turudi kwa wazee. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 kuzunguka Ziwa Victoria, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wa pwani ya ziwa. Baadaye ugonjwa ulipungua, na watu wakarudi kulima pamba na kahawa.

Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia kutoka Uganda. Wengi wao ndio waliokuwa na viwanda vya kuchambua pamba na maduka yaliyonunua mazao. Uchumi ukaporomoka. Mkulima wa Busoga aliyekuwa na ekari za kahawa na pamba hakupata mnunuzi wa maana, wala dawa, wala jembe jipya. Akaacha. Mashamba yakalala, na kichaka kilichojaa haraka kuliko vyote kilikuwa lantana.

Mbung'o wa eneo hili, ambao wengine huwaita ndorobo, ni wa aina inayopenda vivuli vya kando ya mito na ziwa. Kwa kawaida mtu alikutana nao kisimani au alipokwenda kuvua. Vichaka vya lantana viliwapa mbung'o kivuli na unyevu hadi nyuma ya nyumba na katikati ya vijiji. Inzi wakafuata kichaka. Ng'ombe wa nyumbani walikuwa wamebeba vimelea vya ugonjwa katika damu yao bila kuonekana wagonjwa sana. Sasa inzi, ng'ombe na binadamu wote walikuwa wakiishi pamoja.

Mwaka 1976 malale yalilipuka upya Busoga. Maelfu ya watu waliugua katika miaka iliyofuata. Katikati ya miaka ya 1980 ugonjwa ulifika Tororo, kisha ukagusa magharibi ya Kenya. Kinachouma ni kwamba Tororo ndiyo iliyokuwa makao ya EATRO, shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale. Ujuzi ulikuwepo hapo hapo mlangoni. Kilichokosekana ni uchumi na utawala wa kuwafanya watu waendelee kulima na serikali iendelee kutega inzi.

Kichaka hakikuleta ugonjwa peke yake. Vita, umaskini, kuhama kwa watu na kuzorota kwa huduma za afya vilichangia. Lakini lantana ilikuwa nyumba ya inzi, na nyumba hiyo ilijengwa juu ya mashamba yaliyoachwa.

Jambo lingine la kukumbuka linatoka jirani. Mwishoni mwa mwaka 1998 malale yalitokea Soroti, mahali ambapo hayakuwa ya kawaida. Wachunguzi waliufuata ugonjwa hadi kwenye soko la ng'ombe. Watu wa Teso walikuwa wamepoteza mifugo yao katika vita na wizi, na sasa walikuwa wakinunua mingine iliyotoka maeneo ya kusini yenye ugonjwa. Watu waliokuwa wakijijenga upya baada ya vita walinunua hatari bila kujua.

Leo hali ni bora zaidi. Uganda ilianzisha ofisi ya kuratibu mapambano dhidi ya malale na mbung'o, COCTU, chini ya sheria ya mwaka 1992. Mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Uganda ilipata uthibitisho mwaka 2022 kwa aina ya malale inayopatikana kaskazini magharibi. Aina ya Busoga na Tororo, ile inayokaa ndani ya ng'ombe, ni ngumu zaidi kuimaliza kwa sababu huwezi kuwatibu watu pekee. Ushindi huu unalindwa kwa kazi, na sehemu ya kazi hiyo ni kufyeka.

Dawa za haraka ziligeuka vipi?

Katika miaka ya 1960 wataalamu nchini Uganda walileta mdudu mdogo anayenyonya majani ya lantana katika nchi yake ya asili. Wazo lilikuwa zuri: mrudishie adui yake wa zamani. Mdudu alifanya kazi na lantana ikapukutika majani. Lakini huko Serere, katika Teso, vichaka vilipokauka wadudu walihamia kwenye simsim iliyopandwa karibu. Nchi nyingine zilijifunza kutokana na tukio hilo kwamba mdudu lazima ajaribiwe kwa mazao ya eneo husika kabla hajaachiliwa.

Ninyi wa Kakuma na Dadaab mna mfano wenu mkubwa zaidi: mathenge. Mti huo wa Amerika ulipandwa Bamburi karibu na Mombasa mwaka 1973, kisha miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo, Turkana na sehemu nyingine kavu kupitia miradi ya kuni na kuzuia jangwa. Nia ilikuwa njema. Mbuzi walikula maganda yake matamu, mbegu zikapita tumboni na kuota kila walikokwenda. Malisho yakafunikwa, na maganda yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 jamii ya Wailchamus wa Baringo iliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akaletwa mahakamani Nairobi kama ushahidi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliutangaza mathenge kuwa gugu hatari kisheria.

Hata hivyo, leo maelfu ya familia hupikia mathenge na kujengea mathenge. Ukiutoa wote kesho asubuhi, utakata kuni zote na utaanzisha ugomvi mpya kati ya wakimbizi na wenyeji kuhusu miti iliyobaki. Hili ndilo fundisho gumu: mmea vamizi ukishazoeleka, kuna mtu anayeutegemea. Hata lantana ina marafiki wake. Nyuki huitembelea, watu huitumia kama ua la bure, na kusini mwa India kuna jamii zinazotengeneza viti na vikapu kwa fito zake. Mpango wowote wa kuiondoa usiouliza nani ataumia utashindwa kabla ya kuanza.

Kwa nini hili ni suala la makazi ya wakimbizi?

Kwa sababu tatu.

Kwanza, ardhi. Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.7, na wengi wao wako katika makazi ambako familia hupewa kiwanja cha kujenga na kulima. Viwanja vingi vilikatwa katika ardhi ya vichaka na misitu midogo. Miti ilikatwa haraka kwa ajili ya nyumba na kuni. Mlango wa mwanga ulifunguliwa katika miezi michache. Kinachoingia sasa kitakuwa msitu wenu wa miaka kumi ijayo.

Pili, kuhama. Familia zinapoondoka kurudi nyumbani, kwenda mjini au kuhamishiwa nchi ya tatu, viwanja vyao hubaki. Posho ya chakula ikipunguzwa, watu huondoka kwa wingi zaidi. Kiwanja kisicho na mtu kwa misimu miwili ni kile kile kilichotokea Busoga, kwa udogo. Na huko mlikotoka, iwe Ituri, Kivu au Ikweta ya Kati, mashamba yenu nayo yanafunikwa na vichaka. Siku ya kurudi, kazi ya kwanza itakuwa kufyeka, na ni vizuri kujua unachokifyeka.

Tatu, muda wa miradi. Mradi wa mazingira mara nyingi hudumu mwaka mmoja au miwili. Unalipa vijana kufyeka, picha zinapigwa, ripoti inaandikwa. Mbegu za lantana zinasubiri ardhini kwa muda mrefu kuliko mradi. Ufyekaji wa mara moja bila kurudi unafungua udongo, unaingiza mwanga na kuiandalia lantana kitanda kizuri. Pesa zinakuwa zimetumika kuipalilia.

Unaweza kufanya nini?

Kwa kiwanja chako, fuata hatua hizi.

Anza pale penye vichaka vichache, kisha nenda kuelekea penye vingi. Watu wengi huanza na kichaka kikubwa kwa sababu kinaudhi, na wakati wanapambana nacho vichaka vidogo vinakuwa vikubwa.

Ng'oa wakati udongo umelowa. Chimba kwa jembe au sururu chini kidogo ya uso wa ardhi na utoe kile kishina kinachounganisha mizizi na matawi. Hicho kikibaki, kazi haijaisha. Vaa nguo ya mikono mirefu na funika mikono, kwa sababu ya miba.

Fanya kazi kabla matunda hayajawa meusi. Ukiwa umechelewa, usiburute matawi yenye matunda kupitia njia au shamba safi. Yakusanye pale pale yakauke.

Usitegemee moto. Tumeeleza kwa nini.

Panda kitu mara moja. Hapa ndipo wengi hushindwa. Udongo ulio wazi hautabaki wazi. Weka maharage, viazi vitamu au nyasi za malisho zitakazofunika ardhi haraka, na katikati yake panda miti ya asili ya eneo lako. Ukikuta mche wa mvule, mugavu au mkuyu umeota wenyewe ndani ya kichaka, usiukate. Uzungushie vijiti na uuache ukue. Mche uliojiotea una mizizi imara kuliko ule wa kitalu, na ni wa bure.

Rudi. Pita tena baada ya kila msimu wa mvua, kwa miaka mitatu au zaidi, ukang'oe miche midogo kwa mkono. Ziara hizo fupi ndizo zinazoshinda.

Kwa mifugo: usimfunge mbuzi au ng'ombe mgeni karibu na lantana akiwa na njaa, na usikate majani yake kuwa malisho. Ukiona macho ya manjano na ngozi iliyoungua, mweke mnyama kivulini, mpe maji na mwite mtaalamu wa mifugo mapema. Wakataze watoto kula matunda yake mabichi ya kijani.

Kwa afya: ikiwa unaishi au umesafiri katika maeneo ya mbung'o, na una homa isiyokoma, maumivu makali ya kichwa na viungo, au kidonda mahali ulipoumwa na inzi, nenda kituo cha afya na umwambie mhudumu umetoka wapi. Malale ya Tororo na Busoga huenda haraka, na bila matibabu huua. Ukiona kitambaa cha bluu na cheusi kimetundikwa kwenye kichaka kando ya mto, huo ni mtego wa mbung'o. Usiuchukue wala usiwaache watoto wauchezee.

Maswali ya kuuliza kwenye mkutano

Mazingira hujadiliwa katika mikutano ambayo wewe una haki ya kuhudhuria: ya kamati ya ustawi wa wakimbizi, ya LC, au ya mashirika yanapokuja kutambulisha mradi. Shirika likija na miche, uliza maswali manne. Mti huu asili yake ni wapi? Mbegu zake zinasambazwa na nani? Umewahi kuleta shida katika nchi nyingine? Na mradi ukiisha, nani atarudi kupalilia?

Maswali hayo hayana ukorofi. Kama yangeulizwa na kusikilizwa Baringo kabla ya miche ya mathenge kushushwa kwenye magari, historia ya Turkana na Baringo ingekuwa tofauti.

Kwa wenyeji na wakimbizi pamoja, kuna jambo ambalo ukanda wa Lunyo unalionyesha waziwazi. Mto Sio ni mpaka kwenye ramani, lakini shorewanda anakula tunda upande wa Uganda na kuangusha mbegu upande wa Kenya. Ndiyo maana nchi hizi mbili zimekuwa na mradi wa pamoja wa bonde la Sio, Malaba na Malakisi chini ya ushirikiano wa nchi za Mto Nile. Ndivyo ilivyo pia kati ya kiwanja cha mkimbizi na shamba la mwenyeji. Ukisafisha kwako na jirani asisafishe, unafanya kazi ya mwaka mmoja kila mwaka. Mnapokaa kuzungumza kuhusu kuni na malisho, wekeni na lantana kwenye ajenda, mgawane sehemu, na mpange siku ya kurudi kabla hamjainua jembe la kwanza.